Mwajabu na Mchanga wa Mpiji

Mwajabu binti Mfaume alianza kufyatua matofali Bunju mwaka alioachika, akiwa na mashine moja ya mkono na kiwanja alichorithi kwa mama yake. Hakuna aliyemshauri. Aliangalia tu kilichomzunguka: mto Mpiji ulipita nyuma ya kiwanja na mchanga wake ulikuwa safi, saruji ilitoka Wazo, si mbali kwa lori, na kando ya barabara ya Bagamoyo kila mtu alikuwa anajenga. Haikupita miaka mingi majirani wanne nao wakaweka mashine zao, na watu wakaanza kupaita pale Matofalini.

Mchanga aliletewa na Adelard, mtu wa Sumbawanga aliyewaongoza wachimbaji. Mwanzoni walichota ule ulioachwa na mafuriko katikati ya mto. Ulipopungua wakaanza kukata kingo. Mwajabu aliona, akamuuliza. Adelard akamwambia kwa heshima kwamba masika yakija mto wenyewe utaurudisha mchanga. Mwajabu akaridhika, au alijifanya ameridhika, maana watu sita walikuwa wanakula kutokana na uwanja ule.

Karibu na ukingo lilikuwepo kaburi la mama yake, kati ya minazi miwili.

Masika yaliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano kaka yake, Mwishehe, aliingia uwanjani na kandambili zilizojaa tope, akamwambia amfuate. Mnazi mmoja ulikuwa umelala mtoni. Kutoka kaburini hadi kwenye poromoko zilibaki hatua tatu.

"Usiseme ni mvua," Mwishehe alisema. "Mama umemchimba wewe."

Mwajabu alitaka kumkumbusha kwamba nyumba anayolala imejengwa kwa matofali ya pale pale. Badala yake akazihesabu tena zile hatua tatu.

Walikwenda kwa shehe wa msikiti wao. Shehe akasema ikihofiwa maji yatamchukua maiti, inaruhusiwa kumhamisha. Alhamisi wanaume wakakusanyika. Adelard naye alikuja na chepe lake, hajaitwa na mtu. Mwishehe akataka kumfukuza.

"Mwache, kaka," Mwajabu alisema. "Udongo huu anaujua kuliko sie."

Adelard alichimba taratibu mpaka alipogusa mbao zilizooza, akapanda juu na kwenda kusimama pembeni, kofia mkononi. Yaliyobaki waliyamaliza ndugu. Mwajabu alikuwa mbali pamoja na wanawake, akiona migongo tu na kitambaa cheupe kipya kikikunjuliwa. Alijua mama yake alikuwa mwanamke mnene. Mzigo walioubeba kuelekea makaburi ya juu ulikuwa mdogo sana, mtu mmoja angeweza kuupakata. Hapo ndipo alipolia.

Baada ya hapo alimwambia Adelard hatapokea tena mchanga wa kona ile ya mto, palipokuwa na kaburi. Akawaita majirani zake wanne, akawaomba nao waache. Walimsikiliza vizuri, wakampa pole ya msiba upya, wakaendelea. Serikali ya mtaa ikaweka bango la katazo na wachimbaji wakahamia chini kidogo ya mto. Mwajabu akajaribu kutumia vumbi la mawe kutoka machimbo ya Boko. Wateja wakalalamika kwamba tofali ni zito na rangi yake si ile waliyoizoea. Wafanyakazi wake wawili wakavuka kwenda kwa jirani, wakamuaga kwa adabu.

Mwezi uliopita alimwita dereva wa tipa amletee mchanga wa mahali pengine. Gari lilipofika akauliza umetoka wapi.

"Huko Bagamoyo, mama. Kuna mto."

"Na ukingoni wanakaa watu?"

Dereva alimtazama kama hakulielewa swali. Akasema watu wanakaa kila mahali.

Mwajabu alisimama na mkono kwenye bodi la gari, injini inanguruma. Wafanyakazi wanne waliobaki walikuwa wamekaa juu ya mashine, wanamsubiri yeye. Akamwonyesha dereva pa kumwaga.

Mwishehe hajaambiwa mchanga ule unatoka wapi, wala hajauliza.