Dorkasi na Namba ya Bwana Hesabu

Mwaka 1956 nilikuwa karani wa mzungu mmoja tuliyembandika jina la Bwana Hesabu. Alikuwa na chumba mlimani, juu ya Muheza, na kazi yake, jamani, ilikuwa kukadiria uzito wa vitu visivyowahi kuonekana: chembe ndogo mno zinazotoka angani. Alijua uzito wa ndugu watatu wa ukoo mmoja wa chembe. Kwa kalamu na karatasi akasema yupo wa nne, mzito kuliko wote, asiyedumu. Akipasuka, kipande chake kitaacha mchirizi kwenye kioo cha picha, na kwa hesabu zake mchirizi huo utafika vistari sitini na viwili vya hadubini.

Mpimaji alikuwa dada Dorkasi, mjane wa Kibondei aliyezoea kutafuta vijidudu vya malaria kwenye damu. Alipitia vioo kama anayechagua mchele. Namba ya Bwana hakuambiwa, makusudi, na atakayeitoa angefukuzwa kazi.

Mimi na kiherehere changu nikamnong'oneza. Niliogopa akipata namba nyingine kazi itafungwa, naye ana watoto wanne. Nilidhani namfanyia hisani.

Alinitazama mpaka nikaona haya. "Laurenti, jicho langu umelichafua. Sasa kila mchirizi nitauona sitini na mbili."

Akaenda moja kwa moja kwa Bwana, akamwambia namba ameisikia, apime mwingine. Bwana akawaka, akataka jina la aliyeitoa. Mimi nikajibanza pale mlangoni.

"Jina sina," Dorkasi akasema. "Niadhibu mimi."

Akasimamishwa kazi. Mama Praxeda, mwosha vioo, akafundishwa kupima. Akapata sabini na moja. Akarudia mara tatu, ikawa ile ile. Bwana Hesabu alijifungia na karatasi zake siku nane, akaona alipopotoka. Kisha akateremka kwa miguu hadi nyumbani kwa Dorkasi, nami nyuma yake.

"Mama, ungenyamaza ningeletewa kosa langu nikalishangilia. Ahsante. Rudi kazini."

Kazi ile nimeifanya mpaka nikastaafu, na watoto wangu wamesoma kwayo. Miaka yote hiyo Dorkasi hakunitaja, hata kwa utani. Basi leo najitaja mwenyewe: aliyeitoa namba ni mimi. Ahsante, dada yangu.