Mguu wa Nne wa Kigoda

Kila asubuhi, kabla hajaketi, Mama Vifungo alikiamkia kigoda chake. "Shikamoo," alikiambia, maana kilikuwa kimetangulia kuingia katika duka lile la mafundi cherehani. Kisha alikikalia kwa hesabu: mguu wa kulia aukite sakafuni, paja alikaze, makalio ayasogeze upande wa dirisha. Kigoda kilikuwa kimevunjika mguu mmoja, kikabaki na mitatu. Wa nne ulikuwa wake yeye.

Siku ya kwanza alipoanguka nacho, Fundi Mkubwa, mwenye duka, alimwambia, "Vumilia, mama. Kesho naleta msumari."

Ilipita miaka kumi na mmoja. Alishona vifungo mpaka jina lake likasahaulika, akingoja kitu kimoja tu: meza ya kukatia. Hapo mzee mkataji alisimama na chaki sikioni, na wateja walimuuliza yeye kabla ya kumuuliza Fundi. "Mzee akipumzika, meza ni yako," Fundi aliahidi. Basi kila mchana Mama Vifungo alijifunza kukata kwa magazeti makuukuu, mzee akimkagua.

"Hapa safi. Hapa umemkata mteja bega."

Nyumbani, mdogo wake alimsema. "Dada, si udai kiti cha maana?"

"Kiti cha nini? Shida imenikomaza mimi. Hebu gusa paja hili. Nguzo!"

Mdogo wake akagusa. "Nguzo kweli. Nyumba iko wapi?"

Mama Vifungo alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Lakini usingizi ulichelewa kidogo siku hiyo.

Mzee akastaafu. Jumatatu yake Mama Vifungo alikuja na gauni lililonyooshwa, futi ya kupimia shingoni kama mkufu. Akakiamkia kigoda, akakaa, akangoja kuitwa mezani. Mezani alikuwa amesimama shemeji yake Fundi, mdogo wa mkewe, ameshika mkasi kama mtu anayeogopa kudonolewa na kuku.

"Fundi, na mimi je?"

"Ah, Mama Vifungo! Wewe ni jasiri. Huyu shemeji nilimjaribu kwenye kigoda Jumamosi, kaanguka mara mbili. Hicho unakiweza wewe peke yako."

Nusura aseme ahsante. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alilimeza, akajitazama: miaka kumi na mmoja akijisifu kwa majirani kwamba anakomaa, kumbe alikuwa anageuka samani. Tena si samani ya maana, ya kupigwa hata msumari mmoja. Kicheko kikamtoka.

"Unacheka nini?"

"Najicheka mwenyewe, Fundi. Nilidhani nasomea ukataji, kumbe nimehitimu ukigoda."

Akasimama. Hapo alishangaa kidogo, kwa sababu paja lile lilimwinua mara moja, bila kushika ukuta, kana kwamba lilikuwa likiingoja siku hiyo zaidi yake yeye. Akachukua mkasi wake mdogo na gazeti la mwisho alilolikata, lile ambalo mzee hakuona kosa ndani yake. Nyuma yake kigoda kikaanguka, pwaa!

"Mama Vifungo! Kigoda kimeanguka!"

"Vumilia, Fundi," alijibu akiwa mlangoni. "Kesho naleta msumari."

Akashuka ngazi, akavuka barabara bila kugeuka. Kesho hiyo haijafika mpaka leo.