Oili Juu ya Ngano

Juma lililopita mzee mmoja mwenye shamba la ngano kule Basotu alileta kombaini yake ya kuvunia kwenye karakana ninayofanya kazi, hapa Katesh. Nilipomwaga oili chafu ya injini, harufu yake ilinirudisha utotoni, kwenye mchana ule.

Mimi na mama tulikuwa shambani kwa mzee huyuhuyu, tukiokota masuke yaliyoachwa na kombaini. Alikuja na ndoo, akamimina oili nyeusi juu ya ngano yetu yote. Mimi nilifurahi. Kwetu wafugaji, bibi humpaka bi harusi siagi kichwani ili kumbariki, nikadhani na sisi tumebarikiwa.

"Asante, babu," nilimwambia.

Alicheka. Mama alinishika mkono mpaka ukauma, tukaondoka mikono mitupu.

Mzee hanikumbuki. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye ananiuliza, "Mwanangu, itakuwa tayari lini? Ngano imeiva, na mawingu yale mlimani unayaona."

"Kesho, babu."

Hata jana nilimwambia kesho. Kombaini yake nilimaliza kuitengeneza siku ileile aliyoileta.