Supu ya Tata Niliyoinywa Mimi

Tata, dada ya baba yangu, ndiye alinilea huko Gatuanyaga, na ukimgusa yeye umenitafuta mimi. Alipopata kansa ya matiti tukaambiwa kuna utafiti wa dawa mpya Nairobi. Akakataa. "Nitapike njia yote nikirudi? Zii." Halafu kliniki ya Ruiru, ile ndogo ya kuchanja watoto, ikaingia kwa huo utafiti. Tata akakubali. Mimi nikajisomea kwa simu kila kitu, hakuna mtu angenidanganya.

Sharti lilikuwa moja: asiguse dawa ya miti shamba kabla ya kupimwa damu, la sivyo hawamchukui.

Sasa, kesho anapimwa, leo akina mama wa kanisa hao, na sufuria. Supu ya mifupa, nyeusi tititi, imechemshwa na mizizi. Na kwetu mgonjwa akiletewa kitu anakula wakimwangalia. Kukataa ni matusi.

"Hanywi," nikasema.

"Wewe kijana, umekuwa daktari lini?" mwenyekiti wao akauliza.

"Nimesema hanywi! Mnataka akataliwe kliniki?"

"Haiya! Tumechimba mizizi na hii jua yote, unatuita wachawi?"

Tata alikuwa amejiziba mdomo na leso. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Na hawa mama ndio humchotea maji, siwezi kuwafukuza. Nikasema, "Mimi ni damu yake. Nitamnywia."

Mwenyekiti akajaza kikombe. "Yote," akasema.

Aki hiyo supu! Chungu mpaka masikio yakawasha. Nikimaliza, ananiongeza. Wakaanza kuimba na kunipigia makofi kama bibi harusi. Nikakimbia choo, nikirudi napata kikombe kingine kinaningoja.

Kesho yake nesi akamuuliza Tata kama amekunywa miti shamba.

"Mimi? Hata tone. Muulize huyu vile inafanya."

Nesi akaniona nimejikunja kwa benchi, akacheka mpaka akaketi. Akamtoa damu.

Tuliporudi kwa majibu, mimi ndiye nilikuwa nachungulia mlango kila dakika. Nesi akatoka. "Mama, umeingia."

Tata akapiga ngemi, vile vigelegele vya kwetu, hapo kwa foleni. Watoto wote wakaanza kulia, mama zao wakaitikia ngemi bila kujua ni za nini. Nikamkumbatia nesi, nikamkumbatia na mlinzi. Kugeuka, Tata ameshaketi, amekunja mkono wa sweta.

"Haya, wekeni hiyo dawa," akasema. "Mnangoja nini?"