Mguu Uliokandwa

Nilipojifungua, mama mkwe wangu alikuja kutoka Butembo kunikanda. Kwao mzazi haachwi hivi hivi: kila asubuhi anakandwa kwa kitambaa na maji ya moto, tumbo, mgongo na miguu, ili damu mbaya isimlalie mwilini. Mimi ni mbishi, lakini mbele ya mikono ile nilinyamaza. Kusema kweli, niliipenda.

Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka mguu wangu wa kushoto ulipovimba kuanzia pajani. Yeye akazidisha moto wa maji. "Vumilia, mutoto wangu," aliniambia, "ile damu mubaya inapashwa kuyeyuka." Akakanda mpaka jasho likamtoka. Kulipokucha mguu ulikuwa umegeuka bluu. Mume wangu akatafuta gari, tukateremka kutoka mtaani kwetu Ndosho hadi hospitali moja upande wa Himbi. Kila jiwe la njiani lilinipanda hadi kiunoni, nikamtukana dereva ambaye hakuwa na kosa lolote.

Daktari wa upasuaji aliutazama mguu, akauliza, "Nani amekanda hapa?"

"Ni miye," mama mkwe akajibu, kwa fahari kidogo.

Daktari akatueleza. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa paja na kuuziba. Bila kupasuliwa, mguu ungeweza kufa. Na mguu wa namna hiyo haukandwi: kipande kikikatika kinapanda hadi kwenye mapafu, na mtu anaweza kufa palepale. Niliogopa, nasema bila aibu. Maziwa yalikuwa yananitoka na mtoto alikuwa analia kwenye korido.

Walinichoma sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Daktari alipasua kwenye kinena, akapitisha mrija mwembamba mshipani, akaivuta ile damu. Baadaye alinionyesha: vipande vyeusi kwenye sahani ya chuma, kama maini yaliyokatwakatwa. Nilikasirika kwamba vitu vidogo namna ile vilitaka kunizika. Jioni vidole vya mguu vilianza kurudia rangi yake.

Kesho yake mama mkwe alikaa kando ya kitanda, amempakata mtoto. Alikuwa kimya toka jana, na yeye si mtu wa kukaa kimya. Nilidhani anaona haya kwa ajili yangu, nikamtania kwamba safari hii amepata mguu mkaidi kama mwenyewe. Hakucheka.

"Dada mukubwa ya bwana yako," akasema, "alizala muzuri. Nyuma mguu ikavimba. Nikamukanda. Akasimama aende kunawa, akasema, mama, siwezi kupumua. Akaanguka."

Wifi yangu huyo sikumkuta. Nilikuwa naambiwa tu kwamba alikufa kwa uzazi.

"Weye ulisoma," akaendelea. "Ni ile yenye docta alisema?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilimtazama usoni, yeye na mtoto wangu mikononi mwake.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ile ilikuwa ugonjwa ingine."

"Aksanti, mutoto wangu," akasema, nami nikajua hakuniamini.