Programu Isiyo na Ruhusa

Nilipoachana na mume nilipanga chumba mtaa wa Migosi, nikajiandikisha kwenye kozi ya kuandika programu za kompyuta. Nilikuwa nimepita miaka arobaini. Wanafunzi wenzangu waliniita Mama na kunipisha kiti, kana kwamba nimekuja kumtafuta mtoto wangu.

Lugha tuliyofundishwa ilikuwa na ulinzi mkali. Programu ikianza, haina haki yoyote. Haiwezi kusoma faili wala kuingia kwenye mtandao, hata kama umeiandika wewe mwenyewe kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ikitaka kitu inasimama, inauliza, na anayeiendesha anajibu ndiyo au la. Vijana walilalamika. "Sasa si code ni yangu? Mbona inaniblock?" Mimi nilielewa siku hiyo hiyo, na kuelewa huko kulinikera. Kuzaliwa mahali si ruhusa ya kukaa mahali. Somo hilo nililelewa nalo.

Mwezi huo nilienda nyumbani, Usenge. Baba alishafariki na boma liko mikononi mwa kaka yangu, mdogo wangu ambaye nilimbeba mgongoni. Nilimwomba kipande kando ya ua, pale mama anapoanika omena, dagaa wa ziwani, nijenge vyumba viwili nizeekee hapo.

"Dada, wewe unajua hii maneno," alisema. "Msichana hajengi kwa baba yake. Unataka watu waseme nini?"

"Na wewe nani alikuruhusu?"

Alicheka. Kweli, hakuna aliyewahi kumruhusu. Yeye alizaliwa milango yote ikiwa wazi. Nikamgeukia mama. Alikuwa akigeuza omena zake, na neno lake moja lingemyumbisha kaka.

"Nyathina, mwanangu, wacha tu," alisema bila kuinua macho.

Nilichukia. Bado nachukia, na asije mtu kuniambia nisamehe. Ile lugha ya kompyuta, pamoja na ukali wake wote, angalau inauliza, kisha inangoja jibu.

Wifi yangu akanikaribisha ndani. Watoto walikuwa wakinywa chai kwa vikombe vya plastiki. Yeye akafungua kabati, akatoa kikombe cha udongo chenye maua, akakifuta vizuri, akaniwekea mezani. Vikombe hivyo nilivinunua mimi, soko la Otonglo, nilipopata kazi yangu ya kwanza, ili mama awe na kitu cha kuwapa wageni.