Sanduku la Papa Anselme

Ningependa kunyamaza, kweli, lakini kila nikipita Mushaki kuna mtu mmoja anasimamisha ng'ombe zake katikati ya barabara ili aniulize leo ninamzika nani, na wengine wamekwisha kuongeza chumvi hadi wanasema nililia mwenyewe juu ya jeneza (sikulia, niliketi chini tu), kwa hiyo afadhali mlisikie kutoka kwangu, mimi Fundi Hangi, mekanisien, yaani fundi wa magari, miaka kumi na tisa kazini, mtu aliyetangaza kifo kwa kutafsiri neno moja.

Jambo lenyewe lilianza na jeep ya Papa Anselme, ile ndefu ya Kijapani ya zamani yenye viti vya kutazamana nyuma, gari pekee kwenye mlima wao katikati ya Kalembe na Masisi. Gia ya tatu ilikuwa inaruka tangu mwaka jana, nikamwambia tubadilishe mafuta ya boîte, ile giaboksi, akasema kesho, kesho ikawa kesho nyingine, na siku nilipofungua kizibo cha chini mafuta yakatoka meusi yakiwa na meno matatu ya chuma ndani yake. Boîte imekufa, nikasema. Ingekuwa wakati mwingine tungecheka, lakini binti yake Neema alikuwa na mimba ya mapacha, mtoto wa kwanza alipatikana kwa kupasuliwa kule Kirotshe, na daktari alikuwa amemwonya kwamba asithubutu kujifungulia nyumbani na asipande pikipiki kabisa. Alitakiwa awe hospitalini kabla ya Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nilikumbuka kwamba Kalembe kuna jeep ndugu yake, ilikufa injini zamani, migomba imeota mpaka dirishani. Nikaenda. Sasa ninyi msiojua mtaniuliza, boîte si boîte tu? Hapana! Jeep hizi zinafanana nje kama mapacha, lakini ndani mmoja ana gia nne na mwingine tano, na shafti ya mbele kwa wengine inatokea kulia na kwa wengine kushoto, na ukilala chali chini ya gari kichwa kikiwa upande wa bamba la mbele, kulia kwako kunakuwa kushoto kwa gari, na mafundi wengi wamebeba mzigo wa bure kwa sababu ya hilo (mimi pia, mara moja, msiulize wapi). Kwa hiyo nilifunga kitambaa kwenye mkono wangu wa kulia, nikahesabu matundu ya bolti kwenye kengele yake, ule mdomo mpana unaoshika injini, nikahesabu meno ya shafti, ishirini na moja, nikapima urefu kwa kamba niliyoifunga mafundo nyumbani kwenye ile iliyokufa, niliyokwisha kuishusha, na kila fundo likaanguka mahali pake. Nilipofungua kifuniko nikaona pinyoni zote, zile gia zenye meno, zinang'aa ndani ya mafuta, safi, hazina alama, baada ya miaka yote ile chini ya migomba, na mwili ukanisisimka. Nilivua kofia. Nilimshukuru Mungu na Wajapani.

Lakini daraja la kutoka Kalembe lilikuwa limechukuliwa na mvua, yamebaki magogo mawili ya kupitia mtu kwa mguu, na boîte pamoja na kile kipande chake cha nyuma kinachogawia magurudumu nguvu ni zaidi ya kilo mia. Ndiyo maana tukaiweka kwenye kipoyi, kile cha miti na kamba ambacho kila mlima unacho kwa ajili ya wagonjwa, na wanaume wanane wakakubali kupokezana. Ilikuwa alfajiri na mawingu yameshuka. Maji yakiingia kwenye boîte ni hasara, kwa hiyo mama mwenye nyumba akanipa blanketi na kikwembe, yaani kitenge, kipya, nikaifunika vizuri, nikaizungushia kamba mara tatu. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, ijapokuwa ukiniuliza hata leo nitakuambia chuma hufunikwa.

Mara ya pili nilikosea baada ya daraja. Mama mmoja mzee alikuwa analima viazi kando ya njia, akasimama, akashika kiuno.

"Bana yangu, muko munabeba nini?"

"Boîte, mama."

"Bwa... nini?"

Nami, kwa sababu niliwahi kusoma hadi darasa la sita na mwalimu wetu alitupiga ili tutafsiri kila neno, nikaona si vizuri kumrushia mama mzee Kifaransa. Nikamtafsiria.

"Sanduku, mama. Iko sanduku ya Papa Anselme."

Akaachia jembe. Akasema, "Anselme wa jeep?" Nikasema, "Njo ule ule." Akaweka mikono kichwani, nami nikawaza, tazama jinsi watu wanavyoipenda jeep ile. (Mjue kwamba kwetu sanduku ni sanduku la nguo, ni sanduku la soda, lakini likibebwa na watu wanane kwenye kipoyi, ni moja tu.) Tukaenda zetu. Nyuma yetu nikasikia pikipiki ikisimama pale kwa mama, kisha ikatupita kwa kasi, dereva hakutusalimia.

Kuanzia hapo njia yote ilibadilika. Wanaume walitoka mashambani wakavua kofia. Akina mama walitua mizigo ya kuni wakasimama na kuinamisha vichwa, watoto wakanyamazishwa, mchungaji wa ng'ombe akazipeleka zote kwenye mtaro ili tupite. Mimi niko mbele na begi langu la funguo, na nitasema ukweli hata kama ni aibu: nilidhani wananiheshimu mimi. Niliwaza, hatimaye watu wa Masisi wameelewa ufundi ni nini. Nikanyoosha mgongo. Nikaanza kuwapungia mkono, polepole, kama askofu.

Mzee mmoja akanisogelea, akatembea pamoja nami, macho yamejaa machozi.

"Pole sana, Fundi. Aliteseka?"

"Sana, papa! Ku kila mulima ilikuwa inalia. Meno tatu ilivunjika, nilizitoa na mukono yangu."

"Yesu wangu. Meno?"

"Ni mafuta njo ilikosa. Nilimwambia Papa Anselme tangu mwaka jana, hakusikia."

Mzee akafunga macho. Akasema Anselme alikuwa mtu mgumu wa kusikia lakini mwema, nikakubali, nikamwambia lakini usijali, leo leo tunaingiza, saa nane tutakuwa tumemaliza kabisa. Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, akarudi nyuma kuungana na wengine, kwa maana kufikia hapo tulikuwa na watu kama sitini nyuma yetu na mtu alikuwa ameanzisha wimbo. Wabebaji wangu walijua? Nimewauliza baadaye, wanasema walidhani ni watu wa kanisa wanaenda njia moja na sisi.

Tulipopanda kwenye ua wa Papa Anselme nilisikia kilio, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaacha kupunga mkono. Papa Anselme mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameondoka jana yake kwenda mlima wa pili kutafuta mafuta ya boîte, na hakuna aliyemsikia tangu hapo. Mama Neema, mkewe, alikuwa amekaa chini bila kitambaa kichwani. Neema alikuwa amelala kwenye mkeka, ameshika tumbo, akimwita baba yake kwa sauti ambayo bado naisikia. Na kando ya jeep kulikuwa na shimo, refu, jipya, limekatwa sawasawa, na ndani yake, amezama hadi mabegani, amevua shati, yuko Papa Bauma, jirani ambaye hajamsalimu Papa Anselme miaka saba kwa sababu ya mpaka wa shamba la maharage. (Mama Neema ndiye aliyechagua mahali. Alisema mume wake amelala kando ya jeep ile maisha yake yote, basi aendelee.)

Katekista akasema, "Fundi, fungua, famille imuone."

Ningekimbia, lakini watu walikuwa wameziba njia. Nikafungua kamba. Nikavuta kikwembe, nikavuta blanketi. Boîte ikakaa pale, nzuri, imepakwa grisi, na mkono wake wa gia umesimama juu. Watu mia moja wakaiangalia.

"Iko wapi mume yangu?" Mama Neema akauliza.

"Mama, mimi nilisema tu sanduku..."

Hapo ndipo Papa Anselme alipotokea nyuma ya migomba na bidoni la njano la mafuta begani, akauliza kwa nini hakuna mtu anayemjibu hodi. Nusu ya ua ilikimbia. Mama Neema hakukimbia, alimfuata akampiga kofi kwanza kisha akamkumbatia, na yeye akasimama na bidoni lake, akaangalia kipoyi, akaangalia shimo, akamwangalia Papa Bauma aliyekuwa humo na udongo kifuani na mistari miwili ya machozi mashavuni. Kisha Papa Bauma akasema, "Uko muzima, mupumbavu weye," akaendelea kulia.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuketi chini. Walinisogelea na fimbo, nami niliona ni haki yangu, lakini mkunga akapaza sauti kutoka mkekani: uchungu wa Neema umeanza. Umeanzishwa na kilio. Yaani na mimi.

Papa Anselme akanishika kola. "Fundi, nitakupiga kesho. Leo ingia mu kaburi."

Alikuwa ameona kile ambacho mimi kwa hofu sikukiona: mekanisien anahitaji shimo la kufanyia kazi chini ya gari, na lile lilikuwepo. Watu walewale waliokuja kuzika wakaweka mabega kwenye jeep wakaisukuma hadi magurudumu yakakaa huku na huku ya shimo, nami nikashuka mahali pa Papa Anselme, na Papa Bauma hakutoka, alibaki humo pamoja nami. Kilo mia na zaidi zikateremka kwetu kupitia ncha ya shimo iliyobaki wazi, kwa kamba za kipoyi, mikono ishirini ikizishika, polepole, wanaume wakiimba ule wimbo wa njiani kwa sababu ndio waliokuwa nao mdomoni. Papa Bauma akaibeba kwa mabega. Nikazungusha shafti kidogo, nikashika pumzi, na boîte ikaingia, meno ishirini na moja ndani ya meno ishirini na moja, ikagusa injini kwa mlio mdogo kama mlango wa kabati. Bolti zote zilipata matundu yake. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, lakini pale, nikiwa ndani ya kaburi, nikiona nyuso zile zote zimeinama kutuangalia, nilivua kofia mara ya pili na sikuona haya.

Jeep iliondoka jua likiwa bado juu, gia ya tatu ikashika, Neema amelazwa nyuma, na Papa Bauma akapanda bila kuombwa, eti kwa ajili ya kusukuma kwenye matope. Sisi tuliobaki wazee walitukataza kuacha kaburi wazi, wakasema likifunguliwa lazima limeze kitu, kwa hiyo tukaizika ile boîte iliyokufa, na mimi ndiye niliyelazimishwa kusema neno la mwisho. Nilisema ilitumika vizuri na ilikosa mafuta.

Kesho yake dereva wa pikipiki alileta habari kutoka Kirotshe. Ua mzima ulinitazama nimpokee, lakini mimi nilimshika mkono nikamwuliza: wamezaliwa wangapi, wanapumua wangapi, na mama yao anazungumza, sema kwa Kiswahili, sema tena, umewaona kwa macho yako? Akasema wawili, wanapumua, Neema ameomba uji. Nikamwamuru aseme mara ya tatu ndipo nikamruhusu aende kwa Mama Neema. Siku hizi nikibeba chuma nakibeba wazi, mvua na inyeshe, maana kutu huwa naisugua ikatoka, lakini sauti ya Neema pale mkekani akimwita baba yake, hiyo sijapata cha kuisugulia.